Nota ndefu zinazomkera Leonia

Saa moja kasoro robo asubuhi, baridi ya Sumbawanga bado inauma, na Leonia Kapele tayari amekasirika.

Amekaa kwenye kibanda chake cha kufumia sweta, mgongo umenyooka, mkononi ana kipande kimoja tu cha filimbi: kile cha mdomoni. Vipande viwili vilivyobaki amevifunga kwenye kanga vipate joto. Anapuliza huku akiangalia saa ya ukutani. Sekunde ya sita, sauti inakatika.

"Sita!" anafoka. "Mimi niliyekuwa napiga misa nzima!"

Jenifa, muuza chai wa kibanda cha pili, anachungulia akiitania sauti hiyo. "Dada Leonia, hilo birika lako linachemka tangu saa ngapi?"

Leonia anapuliza tena.

Ana umri wa miaka 47, na msimu wa baridi hufuma hadi sweta nne za shule kwa siku. Zamani alikuwa tegemeo la wapiga filimbi wa kwaya ya parokia yao. Kisha mama yake akapooza upande mmoja. Kwa miaka kumi na moja Leonia alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Filimbi ilikaa juu ya kabati.

Mama alifariki mwaka jana. Leonia alipoishusha filimbi na kurudi kwaya, alikuta kiongozi wa wapiga filimbi ni Cornelia, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye Leonia mwenyewe alimfundisha filimbi alipokuwa binti wa miaka kumi na miwili.

"Shikamoo mama, karibu sana," Cornelia alimwambia. "Ila kwa wiki tatu usiguse wimbo. Pasha mdomo moto kwanza. Puliza kipande cha mdomoni, halafu nota ndefu, halafu vidole, taratibu. Robo saa kila siku."

Leonia anajipiga paja akikumbuka. "Nimemfundisha hata kushika filimbi, leo ananianzisha chekechea!"

Aliitikia, lakini nyumbani akarukia nyimbo. Akamng'ang'ania Cornelia ampe kipande cha kupiga peke yake kwenye misa ya mavuno, mpaka Cornelia akachoka kukataa.

Siku hiyo magunia ya mahindi na ulezi yalijaa mbele ya altare. Leonia alianza vizuri. Mstari wa tatu, mdomo ukaanza kutetemeka.

"Nikapuliza, ikatoka hewa tupu," anasema. "Kama mtu anayepuliza kuni mbichi."

Cornelia aliudaka wimbo papo hapo, bila kuinuka kwenye benchi. Waumini wengi hawakugundua.

"Bora angenicheka. Angenicheka ningepata wa kumlaumu."

Wiki nzima hakuigusa filimbi. Jumatano iliyofuata Cornelia alifika kibandani baada ya vipindi. Leonia alijiandaa kusemwa, lakini mgeni alivuta kigoda, akatoa filimbi yake, akaanza kupuliza nota moja, ndefu, kisha nyingine.

"Kumbe na wewe unafanya?" Leonia aliuliza.

"Kila siku, mama. Nikiacha siku mbili tu, mdomo unanikataa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Hukunisikiliza."

Leonia akafungua kanga, akatoa filimbi yake.

Tangu hapo hufanya mazoezi hayo kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya kufumia, akilalamika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku njema hufika sekunde kumi na moja. Cornelia anataka kumi na tano ndipo amrudishie kipande cha peke yake.

"Nitafika kabla ya Krismasi," anasema Leonia. "Na Januari nawafuata Valeria na Fransiska. Tulipiga pamoja, wakaolewa, wakaacha. Nitawarudisha mwenyewe."

Je, atawaanzisha na wimbo gani?

Anamkazia macho mwandishi kama mtu aliyetukanwa.

"Wimbo? Nota ndefu, wiki tatu. Na asinilalamikie mtu."