Pampu Mbili, Jina Moja

Nakumbuka mchana mmoja pale kambi ya wafanyakazi wa miwa, mwanangu, na wewe ndiye umenikumbusha. Umesema vifaa vya kwenye programu yako vinafanana, kwa hiyo kumbukumbu zao umezipa jina moja, basi yameisha. Hebu kaa. Nimechoka, lakini hili nitalisema.

Kambini tulitoka kila mkoa, na kina Juma walikuwa watatu. Ndiyo maana kila mtu aliitwa kwa mashine yake au kazi yake: Juma wa Boila, Juma wa Trekta, na mume wangu, Juma wa Mfereji, aliyefyeka magugu ndani ya mfereji wa kumwagilia miwa. Hata watoto walijua.

Mimi na Festo tulikuwa watu wa kompyuta. Ile kompyuta kuukuu iliyoendesha pampu mbili za kuingiza maji mferejini ilikufa, Festo akaandika programu ya kuiigiza ndani ya kompyuta mpya. Kijana hodari, jamani, sitamsema vibaya. Kila pampu ilikuwa na eneo lake la kumbukumbu, la kuhifadhi kama imewashwa au imefungwa. Yote mawili akayaita "pampu". Miezi ikapita bila tatizo, maana kila kumbukumbu ilishakaa mahali pake, na programu haikuhitaji kuitafuta kwa jina.

Siku hiyo sikuwa kwenye zamu. Pampu ya pili ilifungwa ili mfereji ukauke, Juma wangu yumo ndani anafyeka. Umeme ukakatika, ukarudi. Programu ikaamka, ikatafuta kumbukumbu kwa jina, ikakuta ya pampu ya kwanza, ikazipa zote mbili: washa.

Wanawake wa kambi tulikuwa bombani. Mtu akaja mbio, "Juma! Juma wa Mfereji kachukuliwa na maji!" Wake wa kina Juma wengine wakashusha pumzi. Siwalaumu. Mimi ndoo ilinitoka mkononi.

Tulimzika kijijini kwao, Kisawasawa. Festo alikuja msibani, hakuweza kunitazama.

"Dada, mimi nilijua ni mbili," akasema. "Mashine haikujua."

Nikamwambia akae ale.

Basi, mwanangu, kila kumbukumbu ipe jina lenye kifaa chake ndani yake, hata kama leo kifaa ni kimoja tu. Mambo yakiwa yametulia hakuna anayeuliza jina. Litaulizwa siku ya kuzima na kuamsha, na wewe hutakuwepo. Nenda karekebishe sasa hivi, chai itakusubiri. Mungu aibariki mikono yako, na akujalie mke wa mtu asije akaitwa bombani kwa sababu yako.