Nyumba ya Mkwe Ina Magurudumu

Kwetu Sirisia mkwe halali kwa mama mkwe wake, wala hamsalimii kwa mkono. Anakuja, anakaa kando, anakula, anaaga. Shemeji yangu Zachary Gathii, seremala wa Kitale aliyemwoa dada yangu Lenah, ameishi na mila hiyo tangu harusi. Kila Krismasi anamleta Lenah nyumbani, anakula kuku wake, kisha jioni anarudi Kitale kulala peke yake na redio.

Mwaka huu Lenah alikataa. Mama amezeeka, macho yanafifia, na Lenah alitaka Krismasi moja awe na mama na mume pamoja. Gathii hakubishana. Alinunua trela kuukuu ya kulala, iliyokuwa imetupwa shambani nje ya mji na kuku wanatagia ndani, akaitia kitanda, pazia na jiko dogo. Angeiegesha nje ya ua wetu, alale katika nyumba yake mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini moyoni nilifurahi sana.

Sasa, huyu Gathii anakaza kila kitu. Akifunga chupa ya asali, hakuna atakayeionja mpaka yeye mwenyewe arudi. Basi alipoosha beringi za magurudumu ya trela na kuzipaka grisi mpya, alikaza nati inayozibana kwa nguvu zake zote. Jirani yake Mbogo, fundi wa magari, alimwonya: "Rudisha nyuma kidogo, mzee. Beringi ikibanwa sana inachemka." Gathii akaitikia vizuri, na hakurudisha. Mazoea yana taabu.

Nilikuwa nimekwenda Kitale kuwasaidia mizigo, hivyo tukasafiri wote, pikapu ikivuta trela. Lenah ana desturi yake: kila tukisimama anashuka, anagusa katikati ya gurudumu kwa mgongo wa mkono, jinsi anavyopima kikaango cha chapati. Kiminini gurudumu lilikuwa na joto kidogo. Kamukuywa akaruka.

"Weh! Hii inachoma bana!"

"Ati inachoma? Na nimeikaza mimi mwenyewe!"

"Si ndiyo shida hiyo, Baba Waruguru," Lenah akamjibu mumewe.

Grisi ilikuwa inachuruzika. Lenah akakaa kwenye jiwe akaanza kulia. "Turudi tu. Mama atakula Krismasi yake bila sisi." Nilimhurumia, na shemeji nilitamani kumzaba kofi.

Tulingoja chuma kipoe. Gathii akapiga jeki, akatoa kifuniko, akachomoa pini, akazikagua beringi moja moja. Bahati yake hazikuwa zimeungua. Akapaka grisi nyingine, akakaza nati huku mimi nikizungusha gurudumu, halafu, haki ya Mungu, akairudisha nyuma na kuikaza tena kwa vidole tu. Alitoa jasho kuliko alipokuwa akiikaza. Gurudumu la pili akalifanyia vivyo hivyo.

"Itakaa kweli?" akaniuliza.

"Si Mbogo alikwambia?"

Tuliposimama Kimilili, Lenah alishuka akagusa: vuguvugu tu. Chwele akagusa tena, akapanda akiimba, na mimi nikaimba naye ingawa sauti yangu huwakimbiza hata ndege.

Tulifika jua likiwa bado juu. Gathii akaegesha nje ya ua, akakaa kwenye ngazi ya trela, macho chini, kama mkwe mwenye adabu. Lenah akaingia ndani na kumsimulia mama yote: moto wa gurudumu, machozi, nati iliyolegezwa. Mama alisikiliza bila kucheka. Kisha akachukua fimbo yake, akatoka polepole, akaenda upande ule mwingine wa trela ili asionane na mkwe wake.

Akainama, akipapasa, mpaka akalipata gurudumu. Akaweka mgongo wa mkono wake katikati, akauacha pale. Mkono huo Gathii hajawahi kuushika.

"Lenah," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "mwambie mwenye nyumba hii, imepoa. Alale. Asubuhi nitamtumia uji."

"Asante, mama," Gathii akajibu kutoka upande wake, akafuta macho mbele yangu bila kujificha.