Anayepika Aonje Kwanza

Wiki hii, kwenye ofisi ya mazingira hapa Kamina, mama muuza samaki alitua kikapu chake juu ya kaunta. Wateja wamemkimbia. Wanasema viwanda vya madini vinamwaga sumu mtoni, na sumu hiyo inashuka hadi ziwa Kisale.

“Mama, usiogope,” karani akasema, akigongagonga kalamu. “Sheria iko. Kiwanda inasafisha maji kwanza, mbele ya kuimwanga mtoni.”

“Na nani anaonjaka?”

“Labo, maabara ya kiwanda yenyewe.”

Mama akacheka. Akamega samaki mkavu, akatafuna yeye kwanza, kisha akamsogezea karani kipande.

“Kwetu, mwenye kupika njo anaonjaka mbele ya mugeni. Patron wa kiwanda akuye kula samaki ya Kisale kila Ijumaa, yeye na bibi yake na batoto. Bakibakia bazima, miye nitauzisha.”

Foleni nzima ikapiga makofi. Karani alikitazama kile kipande, akakila chote, akalamba vidole. Halafu akaahidi kupanda treni hadi Bukama, ateremke mto hadi ziwani, achote maji mwenyewe, yapimwe mbali na kiwanda.

Nimesoma sheria nyingi za maji. Hakuna fupi kama ile ya mama, wala yenye harufu nzuri kama ile.