Kampuni ya Mama Viungo

Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Viungo, kwani kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtaalamu wa kunyoosha viungo katika hospitali ya wilaya. Jina lilimletea vituko. Mara kadhaa watu walimpigia simu kuulizia iliki na mdalasini. Alipoacha kazi ili afungue kliniki yake, alitaka kulitumia jina hilohilo, lakini karani wa usajili alilikataa, akisema linanukia jikoni.

Hilo halikumkwaza. Lililomkwaza ni sheria: kliniki ya namna ile ilipaswa kuwa kampuni ya wanataaluma, wanahisa wasipungue wawili, na kila mmoja awe na leseni hai ya taaluma hiyo. Yeye alikuwa amemwandika mumewe, fundi seremala, ambaye alikwisha kutengeneza vitanda viwili vya kutibia kwa mkono wake mwenyewe. Fomu ikarudi, jina la mume limekatwa kwa wino mwekundu. Mume aliisoma, akaikunja, akasema yeye hata hamu hakuwa nayo. Lakini tangu siku ile hakukanyaga tena kile chumba walichokuwa wamekipanga kwa ajili ya kliniki, na rafu alizokuwa akizitengeneza humo zikabaki nusu.

Basi akamwendea mdogo wake wa kike, aliyesomea fani hiyohiyo. Mdogo mtu alikuwa amekaa nyumbani miaka sita akimuuguza mama yao hadi alipofariki, na leseni yake ilikwisha zamani. Baraza la taaluma lilimtaka afanye upya mtihani wa vitendo. Alikubali haraka mno.

Kila asubuhi walifanya mazoezi, Mama Viungo akijifanya mgonjwa, amelala kifudifudi. Siku ya tatu alihisi kidole gumba cha mdogo wake hakimkandamizi, kinamgusa tu. Akainuka, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Nyama chini ya kidole ilikuwa imenywea.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili wa kumnyanyua mama. Nilidhani ni uchovu." Mdogo mtu akautazama mkono wake. "Utarudi kama zamani, dada?"

Mama Viungo hakuwa amewahi kumdanganya mgonjwa. "Hautarudi, mdogo wangu. Ungeniambia mapema."

Alitamani ayarudishe maneno hayo mdomoni. Miaka yote ile sita yeye alikwenda kumwona mama siku za likizo tu, akaketi, akaaga, wala hakuuliza nani anamgeuza kitandani.

Mdogo mtu aling'ang'ania kwenda kwenye mtihani. Aliambiwa anyanyue mguu wa mtu mzima; ukamponyoka, msimamizi akaudaka, na leseni akanyimwa. Mama Viungo akawabembeleza wenzake wanne wenye leseni waingie naye kwenye kampuni. Wawili walikuwa na kampuni zao, wawili waliogopa kuacha ajira. Hospitalini nafasi yake ilikwisha kujazwa. Baraza likafunga ombi lake la kliniki kwa barua ya mistari mitatu.

Siku ya kurudisha ufunguo wa chumba mume alikuja na bisibisi yake. Aliuliza vitanda vipelekwe wapi. Mama Viungo akamwambia avigeuze kuwa mbao. Mume akaanza kufungua skrubu mojamoja. Mdogo mtu alisogea kumshikia ubao wa kwanza, akaushika kwa mikono yote miwili, ukamponyoka.

Mume akauokota, akauegemeza ukutani, akaendelea na skrubu nyingine.