Uzito wa Baba Mkwe

Baiskeli ya baba mkwe wangu ilirudi kibandani kwangu, hapa Tukuyu, kwa mara ya tatu. Safari hii pedeli moja ilikuwa imepinda, na mume wangu aliishusha kwenye pikipiki bila utani wake wa kawaida. Mzee alikuwa ameanguka tena kwenye mteremko wa mawe karibu na nyumbani kwake Kinyala. Wanawe walikuwa wamekaa kikao wakakata shauri: ikimwangusha tena wanaichukua, na yeye anahamia mjini kwetu akae kibarazani. Mzee alijibu kwamba siku watakayomzuia kwenda kuangalia chai yake kwa baiskeli, waandae na majembe ya kumchimbia.

Mimi ni fundi baiskeli. Kazi nilifundishwa na baba yangu mzazi, na shokapu za upepo nikazijua kwa ajili ya vijana wanaopeleka wageni Mlima Rungwe, watu wenye baiskeli nzuri na subira ndogo. Shokapu hiyo ni miguu miwili ya mbele inayobonyea ukipita kwenye jiwe. Ndani hakuna springi, kuna upepo tu, unaojazwa kwa pampu yake ndogo yenye geji. Haina uchawi wowote. Mtu anakaa kwenye kiti, shokapu inazama, na inatakiwa izame karibu robo ya mwendo wake. Kiringi cha mpira kilichovishwa mguuni kinasukumwa na kubaki hapo hapo hata mtu akishashuka. Unasoma, unaongeza au unapunguza. Ila lazima apatikane mwenyewe wa kukaa.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akija njia hii, wewe unaingia migombani mpaka apite. Wenzangu wengi wa mjini wameshaacha, wanakula na wakwe zao meza moja na kugombania rimoti. Mimi nimeishika desturi kwa heshima, na nisiwe mnafiki, kwa raha pia, maana maneno mengi ya ukweni hayajawahi kunifikia. Tangu niolewe nilimjua mzee kwa kikohozi chake, na kwa koti refu la baridi likipotea kwenye kona. Lilikuwa koti la mtu mpana. Mume wangu alipomnunulia ile baiskeli ya mtumba ili mikono isimuume kwenye mawe, aliniambia niweke upepo wa mtu mzito, nami nikaweka.

Sasa shokapu ilikuwa imerudi tena haina upepo, nikaanza kutafuta inavujia wapi. Nilipaka povu la sabuni kwenye valvu, halikutoa hata kipovu kimoja. Nikafuta tope kwenye sili, ule mpira unaozuia uchafu usiingie, nikatia mafuta, nikaijaza na kuiacha ukutani. Baada ya Jumapili geji ilisoma karibu sawa na nilivyoiacha. Shokapu isiyovuja nyumbani kwangu ilikuwa inafika Kinyala na kulala chini kabisa, na mimi sipendi kitu kinachonifanya nionekane mjinga.

Nilimtuma mume wangu akamuulize mama yake. Jibu lilikuja jepesi: shokapu ilikuwa ngumu kama mti, mikono ilimuuma mzee kuliko zamani, basi yeye mwenyewe alikuwa akibonyeza valvu kwa msumari na kutoa upepo. Bila geji alikuwa anautoa wote. Akifika kwenye mteremko mbele inazama, naye anapitia juu ya usukani. Nikaona hakuna namna, lazima nimpime mwenyewe.

Mama mkwe ndiye aliyepanga. Mume wangu alinishusha Kinyala pamoja na baiskeli, akaenda sokoni mara moja. Mimi nikakaa jikoni, mlango umerudishwa. Mzee akaletwa uani, akakaa kwenye baiskeli huku mkewe ameshika kiti kwa nyuma, akashuka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba. Ndipo nikatoka na geji yangu.

Kiringi kilikuwa hakijasogea hata upana wa kidole. Nikadhani shokapu imekwama kwa tope, nikapanda mimi. Ikazama bila shida, na zaidi ya robo, maana mimi matoki, ndizi zetu za kupika, nayala. Nikatoa upepo, nikarudi jikoni, mzee akaitwa tena. Kiringi kikasogea kidogo. Nikatoa mwingine. Tuliendelea hivyo, yeye akitoka mimi naingia, mpaka kiringi kikakaa robo kamili. Nilipoangalia geji niliona upepo ninaomwekea binti yetu wa darasa la sita.

Nilibaki nimechuchumaa pale. Mama mkwe alikuwa ananitazama usoni wala si mikononi, na kabla sijauliza akaanza kuniambia kwa sauti ya chini. Chakula hakimshuki mzee tangu mvua za mwaka jana. Chini ya lile koti anavaa sweta mbili, wanawe wakija asionekane. Yeye mkewe amekatazwa kusema, kwa sababu wakijua watampeleka hospitali Mbeya, na yeye anaamini watu wa umri wake wakipelekwa huko hurudi kwenye gari la kubebea maiti.

Sauti ya mzee ikatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa hajawahi kusema nami, kila neno lake kwangu lilipitia kwa mkewe.

"Mkwe," alisema, "naona umeshajua. Mume wako usimwambie."

Sikujibu. Mkwe hamjibu baba mkwe, na nadhani alichukua kimya changu kuwa ni kukubali, kwa sababu alisema "ndaga", yaani asante, na akasema mara mbili. Nilikaza kifuniko cha valvu, nikafunga pampu kwenye kanga. Niliona aibu, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote wa ukoo ule.

Mume wangu alikuja kunichukua. Tulikuwa hatujafika barabara kubwa aliponiuliza shokapu ilikuwa na ubovu gani.

"Shokapu ni nzima," nilimwambia. "Baba yako ana uzito wa binti yetu."

Alisimamisha pikipiki. Akaniuliza nimemwonaje baba. Nikamwambia sijamwona, nimempima. Akaigeuza pikipiki.

Tulimkuta mama mkwe peke yake. Mzee ametoka, alisema, anaijaribu baiskeli, na amefurahi kama amepewa ng'ombe. Mume wangu akatembea mpaka chini ya mteremko, akasimama katikati ya njia. Mimi niliingia migombani kama inavyonipasa. Kutoka huko nilimsikia mzee akishuka kwenye mawe. Mbele haikugonga hata mara moja. Alikuwa anakuja kwa kasi nzuri, anaimba pambio la kanisani kwa Kinyakyusa, kisha, karibu na aliposimama mwanawe, pambio likakatika, nikasikia breki.