Lituma Si Mboga, Mwanangu

Ijumaa ile nikiikumbuka, mwanangu, damu inanichemka hadi leo. Usicheke nikikuita mwanangu. Ni kweli bado navaa shati jeupe la shule, na ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke, lakini watu wa nyumba yetu hapa Mangobo wamenizeesha mapema.

Tonton Ramazani, mdogo wake papa, alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Yeye anaendesha pikipiki ya abiria, na mguu wenyewe ndio wa kukanyagia breki. Muuguzi alimpima, akamwambia ana ugonjwa wa sukari, na asipobadilisha chakula mguu unaweza kukatwa. "Punguza fufu, ongeza mboga." Nilikuwepo, nilisikia.

Basi mke wake, tantine Zaina, akapiga marufuku fufu, ule ugali wetu wa muhogo. Nikampongeza. Kumbe! Ijumaa ile, mahali pa fufu akaweka lituma, yale makemba, ndizi za kupika, ya kutwanga tunayoringia hapa Kisangani. Kando yake viazi vitamu, juu yake hindi la kuchemsha. Na matembele? Kijiko kimoja, kimejikunyata ukingoni mwa sahani kama mtu aliyeingia arusini bila kualikwa.

"Tantine, hii yote itakuwa sukari ndani ya damu!"

"Sukari wapi? Umeonja? Makemba inatoka shambani, viazi inatoka shambani. Iko mboga!"

"Bon, na muwa je? Nao unatoka shambani."

Papa akanikata jicho. "Alors, docteur, ulimaliza université lini?"

Sasa sikia kilichonitia hasira zaidi. Kwetu, mwanamke aliyetwanga lituma humpa mume wake tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na kulikataa ni kumtukana mbele ya watoto. Tonton alijua! Alisikia maneno ya muuguzi kwa masikio yake mawili. Akalitazama lile tonge, kubwa kama kichwa cha mtoto, akautazama mguu uliofungwa bandeji, kisha akanyoosha mkono alipokee. Eti heshima!

Nikalidaka mimi. Nikalila lote, mwanangu, huku machozi yananitoka, maana lilikuwa la moto.

"Mutoto gani huyu!" papa akaruka. "Hana adabu hata kidogo!"

"Ramazani, unamuona?" tantine akashika kiuno. "Anakula chakula yako!"

"Afadhali mimi nivimbiwe kuliko yeye akatwe mguu!"

Tonton akainamisha kichwa. "Zaina, mutoto anasema kweli. Muuguzi alitaka majani. Niliogopa utakasirika."

"Mimi? Uliniogopa mimi kuliko kisu cha daktari?"

Hapo ndipo alipokasirika kweli, na kwa sababu inayofaa. Akaondoa viazi, akaondoa hindi, akarudi na sufuria nzima ya matembele, akajaza sahani. Kisha akamega lituma kiasi cha yai, akampa mumewe kwa mkono wake. "Kula. Heshima yangu inatosha hapo."

Shukrani kwangu? Niliosheshwa vyombo vyote, na kinu pia! Kidonda bado hakijafunga, ila pembeni kimeanza kukauka.

Donc, mwanangu, makemba, mihogo, viazi na mahindi ni chakula cha nguvu. Vibadilishane zamu, visikae vyote kwenye sahani moja kama mkutano wa ukoo, na mgonjwa wa sukari apewe kidogo. Nusu ya sahani iwe matembele, bitekuteku yaani mchicha, ngai-ngai yale majani machachu, biringanya au uyoga. Na anayekupenda akikuwekea mlima, usiumeze kwa aibu. Mwambie.

Mungu akujalie uzee wenye miguu yote miwili, na akupe wapishi wasionuna ukisema imetosha.