Mlo Aliouchagua Kambale

Shemeji yangu tulimpa jina la Kambale kwa sababu ya namna alivyokuwa akiingia kwenye tanki. Sisi ni wasafishaji wa matanki katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Mafuta yakishatolewa yote, chini hubaki mashapo mazito yanayonata, na hayo hayatoki mpaka mtu ashuke mwenyewe na koleo ayakwangue. Pa kushukia ni tundu la duara juu ya paa la tanki, dogo kiasi kwamba aliyelichora ama alikuwa mwembamba sana au hakuwapenda watu. Kambale alikuwa analipita bila kugusa kingo. Mimi kazi yangu ni kukaa juu nikiwa nimeshika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wake. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo alipomwoa dada yangu, kwa hiyo nikimsema, namsema kwa heshima zake.

Ndoa ilimkubali mno. Dada ana mkono wa kupika ambao sisi ndugu zake tulitamba nao tangu utotoni, na Kambale alikula hadi mashati yakaanza kulalamika. Mwaka jana aliingia tankini kwa kujibana, na wakati wa kutoka akakwama. Kichwa na mikono vilikuwa nje, kitambi kimeziba tundu, miguu imeachana na ngazi inaning'inia gizani. Wenzetu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alileta ndoo ya mafuta, tukampaka kiunoni, tukamvuta weee, akatoka akiteleza huku ngozi ya mbavu imechubuka. Kiwanda kizima kikapata cha kuongea. Mimi sikucheka, maana mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mikono, na uso wake ulikuwa karibu na wangu. Alikuwa ananitazama kana kwamba hanijui.

Baadaye, tukiwa bafuni tunajisugua mafuta, akaniambia, "Shemeji, mle ndani sirudi tena."

"Pumzika kwanza. Utasahau."

"Nitasahau nini? Nikifumba macho tu niko mle. Na dada yako asijue. Niapie."

Nikaapa. Mtu mzima amesimama mbele yako uchi, anatetemeka na maji ni ya moto, utamkataliaje?

Sasa, pale karakana kuna pete ya chuma iliyoning'inizwa kwenye boriti. Ilikuwa ukingo wa mdomo wa tanki moja kuukuu, na kipenyo chake ni sawa na cha matanki yote. Kila mwaka, kabla ya matanki kufunguliwa, mtu wa ndani lazima aipite mbele ya msimamizi. Ukipita, unaingia tankini. Usipopita, unahamishiwa nje, kuvuta mipira ya maji na kuosha magari, kwa mshahara wa kubanabana. Kambale aliona mlango wake wa kutokea ndio huo. Akisema anaogopa, atachekwa mpaka astaafu. Akinenepa tu, atataniwa kidogo halafu yataisha. Kwa hiyo hakuhitaji kufanya lolote ila kubaki na kitambi chake mpaka siku ya pete, basi, aokoke.

Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa na mke.

Msimamizi alikutana na dada sokoni akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mumewe asipopungua atapoteza kazi ya ndani. Dada hakupika mchana ule. Alitukusanya sebuleni kwake, akazima televisheni, akasimama mbele yetu na simu mkononi. Nilipoona amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu vile nikajua shemeji yangu amepatikana.

"Kuna dayati tatu," alisema. "Uchague moja. Hakuna ya nne."

Ya kwanza aliipata kwa jirani yake: supu ya kabichi asubuhi, mchana na jioni, bila chumvi. Ya pili ilikuwa ya kufunga mdomo tangu jioni mpaka kesho yake mchana, na hata katikati hapo ule kwa adabu. Ya tatu ilikuwa ya Kifua, mwalimu wa jimu iliyo nyuma ya duka la vipuri. Kifua alikuwepo mwenyewe, ameketi kwenye kochi lao na kulijaza lote. Yeye alisema mtu hapaswi kukaa na njaa hata kidogo. Ale mara kwa mara, mayai ya kuchemsha, kuku asiye na ngozi, samaki, maharage, mboga za majani. Aache sukari, soda, mkate mweupe na vya kukaanga. Kisha anyanyue vyuma. "Mafuta yanaondoka, misuli inaingia," alisema, akakunja mkono ili tuone.

Nilidhani Kambale atapinga zote. Badala yake alimtazama Kifua kuanzia bega hadi bega, taratibu, namna fundi anavyotazama kabati analotakiwa kulipitisha mlangoni. Halafu akatabasamu.

"Nachukua ya Kifua."

Dada alimkumbatia mbele yetu, jambo ambalo si kawaida yake. Mimi nikamfuata Kambale nje nikitaka kujua amepatwa na nini.

"Shemeji, umemwona yule?" aliniuliza, macho yanang'aa. "Mlango wetu aliuingia kiubavu. Niambie, mabega kama yale yatapita kwenye pete?"

Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukashikana mikono kwa furaha. Tulijiona tuna akili kweli. Mkewe atafurahi, tumbo litapungua kidogo, mabega yatajaa, na msimamizi atasema bahati mbaya sana, mpeni mpira wa maji. Nitasema ukweli, sijawahi kuona mtu aliyeshika dayati kwa moyo kama yule. Alimenya mayai akiwa njiani. Kuku alimvua ngozi mwenyewe akairushia paka. Jimu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa, akibeba vyuma huku anauma meno, na kila jioni ananiita nimshike mabega. "Yamepanuka?" Nami namwambia yamepanuka, maana yalikuwa yamepanuka kweli.

Tatizo halikuwa mabegani. Siku moja tunatembea kwenda kazini, suruali ikamshuka. Akaishika, akacheka, akakaza mkanda. Baada ya hatua chache ikamshuka tena. Akasimama katikati ya njia akajipapasa kiunoni, mbele na nyuma, na rangi ikamtoka.

Tulifika karakana akaenda moja kwa moja kwenye pete. Hakukuwa na mtu mwingine. Akanyoosha mkono mmoja juu, mwingine akaulaza pajani, akainamisha bega, kama tunavyofanya sote, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe kabla sijawa mshika kamba. Mabega yote yale, ya jasho na mayai, yakapita kwa mshazari. Alikuwa ameshapita kifua kizima alipojirudisha haraka.

"Bega linakunjika," alisema. "Shemeji, bega linakunjika! Tumbo ndilo halina pa kwenda. Sisi watu wa matanki tumelisahauje hilo?"

Kosa hilo fundi cherehani asingelifanya, dereva asingelifanya. Tulilifanya sisi tunaoshinda kwenye matundu kila mwaka. Nilijichukia siku nzima, na nilimgombeza mpishi wa kantini bure.

Kuanzia hapo alijaribu kuharibu. Alikuja kwangu kwa siri kula maandazi, akayaweka mdomoni, akayatema. Tumbo lililozoea kuku mkavu lilikuwa linayakataa. Alijaribu kuacha jimu, Kifua akamfuata mpaka nyumbani, akamkuta amelala, akamtoa kitandani kwa miguu. Majirani walimpongeza dirishani. Binti wa Kambale alimpiga picha akazituma kwa ukoo wote, na shangazi ambaye hajawahi kunipigia mimi hata nikiwa mgonjwa akapiga kumsifu. Kambale alikuwa anapokea sifa hizo ameinamisha kichwa. Watu wakasema dayati imemwongezea na unyenyekevu.

Mwisho nikashindwa kuvumilia. Kiapo ni kiapo, lakini nami nina moyo. Nikamfuata dada jikoni, akiwa anachambua maharage, nikaanza kuzunguka mbuyu, mara kazi ngumu, mara hewa ya matanki si nzuri.

"Mdogo wangu," akanikatiza bila kuinua macho, "unataka kuniambia kwamba anaogopa."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Mwaka huu wote mume wangu anaoga mlango wazi. Tukilala lazima dirisha liwe wazi, mvua inyeshe isinyeshe. Shati la kuvalia kichwani havai tena. Wewe unadhani mimi nalala na gogo?"

"Sasa kama unajua, dada, mbona unampunguza?"

"Kwa sababu alikwama!" Akaitupa mikono, maharage mawili matatu yakaruka sakafuni. "Alikwama kwa chakula changu. Mimi ndiye niliyempakulia. Akiwa mwembamba hatakwama tena. Nimfanyie nini kingine?"

Nikamwambia woga hauko tumboni, kwamba hata akibaki mifupa mitupu atakwenda nao mle ndani.

"Basi niambie uko wapi, nimpikie dawa yake." Akafuta macho kwa kiganja. "Na asipoingia, tunakula nini? Yule binti anasoma kwa kitu gani? Utatulisha wewe na mke wako na wale watoto wenu?"

Jibu alikuwa analijua kama ninavyolijua mimi. Nikainama nikamwokotea maharage yake. Nilipotoka nilimkuta Kambale ukumbini, amesimama na begi lake la jimu begani. Alikuwa amesikia. Nilingoja anilaumu, au aingie jikoni amkumbatie mkewe, au hata avunje kitu. Alipanga viatu vilivyokuwa mlangoni, kimoja baada ya kingine, kisha akaenda kunyanyua vyuma.

Siku ya pete ilipofika, karakana ilijaa. Hata watu wa ofisini walishuka. Kambale alivua shati na wenzetu wakapiga miluzi, maana mwili ulikuwa wa kuuza sabuni kwenye matangazo. Akainua mkono, akainamisha bega. Nilikuwa naomba mahali fulani pagome, nyonga, goti, hata kidole. Akapita kama zamani, bila kugusa.

"Kambale karudi nyumbani!" msimamizi alipiga kelele, akampa mkono na kumtikisa. Walipiga makofi. Kifua, ambaye aliomba ruhusa kazini kwake ili aje kushuhudia, alilia machozi kabisa.

Tukapanda ngazi ya nje mpaka juu ya tanki. Mpimaji akashusha kifaa chake cha kupima hewa, akakivuta, akasema hewa iko sawa. Nikamfunga Kambale kamba kwenye mkanda, nikahakikisha fundo, nikalihakikisha tena. Msimamizi alikuwa hatua chache kutoka tulipo, anaongea na watu wa mpira wa maji.

"Mwambie," nilinong'ona. "Mwambie sasa hivi, shemeji. Acha wacheke. Mimi nitakuwa upande wako."

"Na kesho yake?" aliuliza.

Akakaa ukingoni, akatanguliza miguu, akaishika ngazi. Akainua mkono mmoja, akainamisha bega lile alilolijenga kwa taabu, akazama. Mara hii sikuona uso wake, alikuwa ameuficha kifuani.

Sisi tuna desturi: aliye ndani hanyamazi. Aimbe, asimulie, atukane, chochote, alimradi sauti isikike huku juu, maana akinyamaza mshika kamba anajua hewa imemshinda na anaanza kuvuta. Wengine huhesabu, wengine husengenya wakwe. Nilipiga magoti kando ya tundu nikatega sikio. Nikasikia buti zikigusa mashapo. Nikasikia koleo. Kisha akaanza.

"Naogopa," alisema.

Sauti haikuwa kubwa, lakini tanki likaipokea na kuizungusha, ikapanda juu imejaa. Koleo likakwangua, akasema tena. "Naogopa. Naogopa, shemeji. Mama yangu, naogopa." Wale wa mpira wa maji waligeuka. Nilijua wamesikia, kila mtu pale paani alikuwa amesikia. Nikaikaza kamba viganjani nikamtazama msimamizi, nikisubiri aniambie vuta.

Msimamizi akaja, akachuchumaa karibu nami, akainamisha kichwa juu ya tundu akasikiliza kidogo.

"Safi," aliniambia, akanigonga begani. "Anaongea. Mwache amalize."